Karani Musyimi na Wasomaji wa Punda

Kwa miaka thelathini na mmoja Musyimi alikuwa karani wa mahakama, kwanza Kitui mjini, kisha Tawa, na kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya watu wengine. Mwizi wa mbuzi akisema, aliandika. Mwenye mbuzi akilia, aliandika. Hakimu akikohoa, alisubiri amalize, kisha akaendelea. Alipostaafu na kurudi nyumbani Kwa Vonza, kifua kilikuwa kimemjaa maneno yake mwenyewe.

Mkewe Kalekye aliyasikiliza kwa wiki mbili, halafu akamwambia kwa upole, "Baba Mwende, si uyapeleke kwa mtandao? Huko hakuna mtu anapika."

Ndipo Musyimi akaenda kwa Intisar. Intisar alikuwa binti wa Mowlid, mfanyabiashara wa mifugo aliyehamia hapo na jamaa yake kutoka Garissa. Alisomea kompyuta chuo kikuu, akafungua saiba, duka la kompyuta na mtandao, pale sokoni, na hapakuwa na fomu ya serikali aliyoshindwa kuijaza. Alimfungulia mzee blogu, wakaiita Tafakuri za Karani. Juu kabisa Musyimi alitaka iwekwe picha yake ya siku ya kustaafu, amevaa suti ya kijivu, mkono mmoja juu ya faili.

Kwa miezi minane aliandika makala arobaini na tatu. "Uzito wa Kiapo katika Jamii ya Leo." "Je, Ukimya ni Ushahidi?" Chini ya ukurasa palikuwa na kihesabio kidogo cha wageni, na kihesabio kile ndicho kilichomvimbisha kichwa. Kila siku kilionyesha wageni sitini, wakati mwingine sabini. Jumapili moja alisimama kanisani wakati wa salamu na kuwaarifu waumini kwamba ana wasomaji sitini kwa siku, kupita idadi ya waliokuwa mle ndani. Mchungaji alisema amina, lakini si kwa sauti.

Intisar ndiye aliyeharibu mambo, naye alikuwa na nia njema. Aliweka kwenye blogu chombo cha kupima, kile kinachoeleza wageni wametoka wapi, wametumia simu au kompyuta, wamesoma ukurasa gani na wamekaa muda gani. Baada ya wiki mbili akamwita.

"Mzee, kaa chini kwanza," alisema, akamgeuzia kioo cha kompyuta. "Hizi ziara sitini za kila siku. Arobaini na saba zinatoka kwa simu moja. Hapa hapa Kwa Vonza."

Musyimi akafurahi hadi macho yakalowa. "Huyo ni msomaji mwaminifu! Lazima nimtafute nimsalimie."

"Ni wewe, mzee."

"Mimi?"

"Unafungua ukurasa kuangalia ni wangapi wamefungua. Kila ukifungua, unahesabiwa. Zingine tano ni mimi nikirekebisha. Nne ni mashine tu, zinazunguka kwa mtandao kama inzi. Sasa nimeiambia isituhesabu sisi wawili, wala mashine."

Wiki iliyofuata wasomaji wa Tafakuri za Karani walikuwa wanne kwa siku. Musyimi alirudi nyumbani, akala nusu ya muthokoi wake wa mahindi na maharagwe, akasukuma sahani. Kalekye alimwongezea chai.

Lakini wale wanne walikuwa wakiongezeka. Mvua za Novemba zilipootesha mashamba wakawa kumi, kisha ishirini na tano, nao hawakuwa Musyimi, wala mashine. Intisar akatazama walikuwa wakisoma nini, akaziba mdomo kwa kona ya hijabu yake ili asicheke.

Karibu wote walikuwa wanaingia ukurasa mmoja: "Taarifa ya Punda."

Makala hiyo Musyimi aliiandika kwa hasira siku moja ya Machi. Jirani yake Syokau, mjane mwenye mikono ya kazi, alikuwa na punda wa kubeba maji, na watu walimpa jina la Mheshimiwa kwa sababu alikula asikopanda. Siku hiyo Mheshimiwa alikuwa amepita kwenye kunde za Musyimi na kumaliza mistari miwili, kisha akaongeza majani ya mpapai. Musyimi akaandika kama hati ya mashtaka: punda akamwita mshtakiwa, mwenye punda akamwita mzembe. Mwishoni akashauri mkulima apake pilipili kwenye ua.

"Watu wanaandika kwa simu, 'punda anakula mazao nifanye nini,' halafu wanaletwa kwako," Intisar alieleza. "Kibwezi, Mutomo, hata Isiolo. Shida ni wanakaa sekunde kumi na tisa, wanaenda."

"Sekunde kumi na tisa! Mtu atasomaje haki ya kumiliki ardhi kwa sekunde kumi na tisa?"

"Hawakuja kwa ardhi, mzee. Wamekuja kwa punda. Ushauri umeuweka aya ya nane. Halafu ile picha yako ni nzito. Wengi wana simu ndogo, inafunguka polepole kutoka juu. Wengine wanaona paji la uso tu, wanaondoka kabla suti haijafika."

Jambo hilo lilimuuma Musyimi. Makala arobaini na mbili za hekima, na dunia ilikuwa imechagua punda! Alikaa siku sita bila kukanyaga saiba. Siku ya saba Intisar alimtumia ujumbe ulioachwa chini ya makala na mama mmoja wa Matinyani aitwaye Wayua: "Nimepaka pilipili kama ulivyosema. Punda ameilamba yote, akaenda akakunywa maji ya pipa nzima. Sasa nifanye nini?"

Musyimi aliusoma mara tatu. Kudharauliwa angeweza kuvumilia. Lakini kwamba kulikuwa na taarifa ya uongo mahali fulani, na jina lake chini yake, hilo karani hawezi kulala nalo. Pale pale akavaa kofia, akaenda kwa Syokau.

Alimkuta akipepeta ndengu. Syokau hakumkaribisha kiti.

"Aa, karani," alisema bila kuinua macho. "Jirani yetu, mke wa Kiilu, alinisomea kwa simu. Eti mimi ni mzembe. Dunia nzima imesoma."

"Si dunia nzima, mwaitu," Musyimi alisema haraka, akimwita mama kwa Kikamba. "Ni watu mia mbili na kumi na wanne."

Ungo ukasimama.

"Na walikaa sekunde kumi na tisa tu," akaendelea, jasho likimtoka. "Neno mzembe liko chini kabisa. Kwa hesabu ya Intisar, karibu wote hawakulifikia. Wewe ni kati ya wachache sana waliosoma hadi mwisho."

Syokau akacheka mpaka ndengu zikamwagika. "Kwa hivyo nimetukanwa na hakuna mtu amejua!"

"Nitalifuta leo," alisema Musyimi. "Lakini nimekuja kuuliza. Punda anazuiwaje?"

Hapo akapewa kiti. Syokau akamweleza kwamba punda aliye peke yake hatulii. Mwenzake Mheshimiwa alikufa mwaka juzi, wakati wa kiangazi. "Yeye hafuati kunde zako. Anafuata mbuzi zako. Anataka kusimama nao tu. Kunde ziko njiani, na wewe ukipita kwa sufuria ya nyama utafunga macho?" Mpe rafiki, alisema, hata mbuzi. Mpe chumvi ya kulamba, na majani kabla ya kazi, si baada. Pilipili uweke kwa mchuzi.

Musyimi alirudi akayaandika hayo kwa lugha yake: "Mnyama huyu, kwa maumbile yake, huhitaji ushirika." Akaweka ushauri juu, akakubali picha ipunguzwe hadi ikawa ndogo kama ukucha. Wasomaji wakaanza kukaa sekunde hamsini.

"Jaribu kuandika vile alisema yeye," Intisar alimshauri. "Tuone."

Ilimchoma kidogo, lakini akajaribu. Aliweka maneno ya Syokau yalivyotoka kinywani mwake, na sufuria ya nyama ndani yake, na jina la Syokau juu. Baada ya wiki moja walikaa dakika tatu, na wengi wakabofya kwenda kurasa nyingine. Wayua wa Matinyani aliandika kwamba amemfunga punda wake karibu na kondoo, na tangu hapo hajagusa shamba. Kulikuwa hata na mtu mmoja, Makueni huko, aliyeingia "Uzito wa Kiapo" na kukaa dakika kumi na moja.

"Ni nani?" Musyimi aliuliza.

"Hizi takwimu hazitaji majina, mzee. Pengine amesoma. Pengine alisahau simu ikiwa wazi."

"Amesoma," alisema Musyimi, na kwa hilo hakutaka ushahidi zaidi.

Kunde akazizungushia ua wa michongoma, na asubuhi Mheshimiwa akiwa hana kazi huletwa kwenye boma la Musyimi, akasimama katikati ya mbuzi ametulia kabisa. Syokau akimleta husimama dirishani kuuliza.

"Jana wangapi?"

"Themanini na sita."

"Na juzi walikuwa mia moja na tatu! Umefanya nini, karani?"

"Jana ilikuwa Jumapili, mwaitu. Watu walikuwa kanisani."

"Punda hajui Jumapili," alisema Syokau, akachukua jembe lake na kwenda zake shambani.