Mtunza Farasi Aliyekataa Gasore Azikwe Nusu

Kumepambazuka sasa hivi, na Anicet Ndikumana anamimina shayiri kwenye hori la chumba cha tatu. Anapiga ulimi, anasubiri pua yenye joto imguse bega. Hakuna pua. Anaganda pale, ndoo mkononi.

"Mkono bado haujaambiwa," anasema.

Kitendawili: ana majina mawili, moja la watu elfu, moja la mtu mmoja. Ni farasi wa mbio. Magazetini alikuwa na jina refu la Kiingereza. Gasore, yaani kijana mtanashati kwa Kirundi, ni jina alilopewa na Anicet, na nje ya banda hili, juu ya vilima nyuma ya Durban, halikujulikana.

Juzi asubuhi Gasore alikuwa mazoezini, akikimbia mdogomdogo, mzima wa afya. Anicet alikuwa ameegemea ua, blanketi lake begani. Farasi akasimama ghafla kama mtu aliyeitwa, akapiga magoti, akalala ubavu. Daktari wa mifugo alisema ni moyo.

"Nilimfunika blanketi," Anicet anasema. "Eti asipate baridi. Mtu ameshakufa, mimi namkinga na baridi!"

Mwenye farasi, Bi. Govender, mjane wa mtaa wa Overport mjini, alifika na kandambili miguuni, nywele hazijachanwa. Alilia, kisha akamwambia, "Mahali pa kumzika utachagua wewe, Anicet. Mimi nilikuwa namwona Jumamosi tu."

Basi Anicet akazunguka shamba lote. Akapenda mteremko wa juu, penye upepo, ambapo Gasore alizoea kusimama masikio mbele akitazama magari ya barabara kuu. Akachora ardhini kwa jembe umbo la farasi aliyelala.

Bheka, mnyapara wa watunza farasi, akaja kutazama. "We baba, unachimba bwawa la kuogelea?"

"Kaburi."

"Eish! Kaburi la farasi unalifunika kwa beseni. Kichwa, moyo, na kwato nne. Basi."

Anicet akacheka, maana Bheka ana mdomo. Lakini Bheka mwenyewe hakucheka.

Ndiyo desturi ya kale ya watu wa mbio. Huzikwa kichwa kilichotangulia, moyo uliovumilia na kwato zilizokimbia, na hata hayo hupewa bingwa tu. Kiwiliwili huja kuchukuliwa na gari.

"Kinapelekwa wapi?"

"Kwa simba. Wale wanaofugwa."

Anicet akajiuliza: Heshima gani hiyo inayoanza na kisu? Mtoto akishindwa kitendawili hutoa mji, mchezo ukaendelea. Yeye miji yake yote alikwishaiacha nyuma.

Alitoka Burundi kijana, akakaa kambini Tanzania, akafika Durban akalinda magari ya watu barabarani Umbilo. Farasi hakuwahi kumgusa, ila ng'ombe wa baba yake. Kazi hii, inayompa "six thousand rand" kwa mwezi, aliipata kwa sababu aliyemtangulia alipigwa teke na farasi.

Kule kwao, wakati wa vita, kaka yake Pontien aliuawa njiani.

"Tulizika tulichokiokota," anasema, na sauti inashuka. "Mkono na koti. Mama aliuliza mpaka anakufa: na kile kingine kiko wapi?"

Akampigia simu mkewe, Kaneza, anayeuza samaki wakavu Isipingo.

"Papa Carmel, ni farasi," Kaneza akamwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Usipoteze kazi sababu ya farasi. Tutakula nini?"

"Watamkata, Mama Carmel."

"Namna gani watamkata?"

Akamweleza.

"Yesu wangu," Kaneza akasema. "Nenda useme hapana. Useme na heshima, lakini useme."

Akaenda, kofia mkononi. Bi. Govender alipomsikia, alishtuka kuliko yeye.

"Lakini nilikuwa nampa heshima ya mabingwa!"

"Ninajua, mama. Ila kwetu heshima ni mtu aondoke na miguu yake."

Bi. Govender akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mume wangu tulimchoma," akasema taratibu. "Majivu nikayamwaga baharini kwa mkono wangu, na nikarudi nyumbani nimetulia. Sikujua mwingine anaweza kuumia hivi." Akafuta uso kwa mtandio wa begani. "Leteni mashine. Wachimbe kubwa."

Mashine ikaja, ikauma mteremko, ikatoa cheche. Chini ya udongo kidogo ni mwamba mtupu. Bondeni daktari alikataza, kuna kisima. Jua likapanda, na gari la simba likawa limeshafika getini, dereva anapiga honi.

"Anicet," Bheka akasema, safari hii bila utani, "ardhi imekataa."

Anicet akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta mtoto sokoni. Kisha akaenda nyuma ya mabanda, kwenye rundo la samadi ya zamani, akachoma jembe. Likazama lote.

"Hapa."

Watunza farasi wakaguna. "Bingwa azikwe jaani?" Bi. Govender akaziba mdomo.

Anicet akachota udongo mweusi, akauinua wauone. "Haya ni majani aliyolalia. Miaka yote mimi ndiye nimeyatoa chumbani kwake na toroli. Hapa si jaani. Hapa ni kitandani."

Bi. Govender akamwashiria mwendesha mashine. Mashine ikachimba. Gari la simba likaondoka tupu. Gasore akateremshwa kwa mikanda, na Anicet akaingia shimoni kumnyoosha shingo, kwa sababu hakupenda kulala ameikunja.

Asubuhi hii, wakati ndoo bado iko mkononi, lori dogo linaingia uani. Ni farasi jike mchanga, mweusi, anatetemeka. Bi. Govender mwenyewe anamteremsha na kumnyooshea Anicet kamba.

Anicet hapokei.

"Natumaini huyu ndiye atakayenizika mimi," anasema. "Lakini kama si hivyo, mama... huyu naye, siku yake, kamili?"

"Kamili."

"Na mahali?"

"Utachagua wewe."

"Basi," anasema, na anaweka ndoo chini. "Nipe kamba."