Hapana ya Kwanza ya Mama Sarmad

Katika mji wa Boise, kule Idaho, wanawake wawili waliojua thamani ya shingo ya kondoo walifika buchani asubuhi moja wakaikuta imebaki moja tu. Wa kwanza alikuwa Benita Aldekoa, Mbaski wa asili ya milimani mpakani mwa Hispania na Ufaransa, mjane wa miaka themanini na ushei, aliyezaliwa ghorofani katika nyumba ya kulala wageni ya wazazi wake na ambaye hadi siku hiyo alikuwa analala chumba kilekile. Wa pili alikuwa Najiba Abdulwahid, Mwiraki, aliyefundisha kemia miaka mingi huko Mosul na ambaye sasa kazi yake ilikuwa kukunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali. Wairaki wenzake walimwita Mama Sarmad, kwa jina la mwanawe.

"Wewe unaipikaje?" Benita akauliza, mkono wake tayari uko juu ya nyama.

"Kwa ndimu kavu, moto mdogo, nusu siku nzima. Halafu wali."

Benita akaiachia. "Nusu siku. Haya, angalau wewe unaijua. Ichukue, lakini ukaipikie kwangu niione. Jiko langu lingelisha jeshi."

Najiba akaenda. Alimwita mwenyeji wake Hajati, maana kwao mwanamke wa umri ule haitwi kwa jina tupu.

"Mimi Makka sijafika," Benita akasema huku akitafuta sufuria. "Mwisho wangu ulikuwa Nevada."

"Umri wako unatosha, Hajati."

"Hiyo ni heshima au unanitukana?"

"Chagua mwenyewe."

Toka siku hiyo kila Jumamosi Najiba alikuwa kwa Benita. Nyumba ile ilikuwa na meza moja ndefu iliyolika kwa viwiko vya watu, na nyuma yake jiko lenye oveni ya mikate ambayo mtu angeweza kuingia akiinama. Darini zilining'inia ndoano zenye mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa, na Najiba aliyapita akiwa amegeuza uso, kama mtu anayepita kwa jirani aliyegombana naye. Wageni hawakulala tena humo. Wachungaji wa Kibaski waliokuwa wakija wamekwisha kufa au wamezeeka. Walibaki wazee watatu waliokuja kucheza karata za kwao, mchezo ambao kumkonyeza mwenzako si wizi bali ndiyo ufundi wenyewe. Mkubwa wa kelele kati yao aliitwa Txomin.

Watu wa vitabu hupenda kuwapima wahamiaji, hawa huku na wale kule, wakaandika nani kafaulu na nani kazubaa. Najiba na Benita hawakuhitaji kitabu. Walipimana wenyewe, mezani, kwa ubishi, na kila mmoja alitaka kabila lake ndilo liwe limeteseka zaidi.

"Baba yangu alikuja hapa kijana hajaota ndevu," Benita alianza. "Kiingereza hajui, kusoma kwa kubabaisha. Wakampa mbwa, punda na kondoo wasiohesabika, wakamwambia panda mlimani. Majira yote ya kiangazi hakusikia sauti ya mtu. Wenzake wengine akili ziliruka."

"Lakini kondoo walikuwa wanamngoja," Najiba akajibu. "Kazi ilikuwepo kabla yake. Sisi tulipokewa uwanja wa ndege kwa maua na bango lenye majina yetu yamekosewa. Wakatupa fleti, masufuria, na kodi ya miezi michache. Baada ya hapo, kwaheri. Nawajua daktari wa macho anayepanga nyanya dukani, na hakimu anayelinda maegesho ya magari. Mwanangu mhandisi wa umeme, anasambaza vifurushi mlango kwa mlango."

"Ndiyo, nyinyi mlikuja na vyeti."

"Tulikuja na vyeti, Hajati, na vyeti havina manyoya. Hakuna aliyetaka kuvichunga."

Txomin akacheka hata karata zikamponyoka, na mwenzake akaziona zote.

"Shuleni walisema nanuka kondoo," Benita akaendelea, maana hakuwa mtu wa kukubali kushindwa. "Baski mchafu, ndilo jina walilonipa. Sasa kaangalie mahakamani, benki, hata manispaa: majina yetu matupu. Unajua tulipitaje?"

"Mtaniambia mlifanya bidii. Kila mtu hapa husema hivyo, kana kwamba sisi tumelala."

"Bidii hata punda anayo. Ni nyumba." Akagonga meza. "Mchungaji akishuka mlimani alijua pa kwenda. Akiugua alilala hapa. Msichana akitoka kwetu kuja kufanya kazi ya kutandika vitanda, kabla ya mwaka kuisha ameshaposwa kwenye meza hii. Mama yangu alikuwa hospitali, posta na mahakama. Nyie je? Mmetawanywa fleti huku na fleti kule. Mnakutania wapi?"

Wairaki wa Boise walikutana msibani, na msiba ukiisha kila mtu alirudi kwake kufunga mlango.

Swali lile lilimkaa Najiba rohoni kwa sababu alikuwa na la kwake la siri. Alitaka kuoka samuni, mkate wa kwao wenye ncha mbili na tumbo lililotuna, ambao Mwiraki akiukosa hula chakula chake akinung'unika. Alikuwa akiuoka katika fleti, Wairaki wakaanza kupanga foleni kwenye ngazi, mpaka msimamizi wa majengo akaja kumwambia biashara basi. Jiko lingine hakuwa nalo. Na Sarmad alikuwa amechoka. Rafiki zake walikuwa wamehamia Michigan mmoja mmoja, kwenye Wairaki tele, misikiti tele na mikate tele.

"Mama, hapa tunangoja nini?" Sarmad alimuuliza. "Mwezi wa nne mkataba wa fleti unaisha. Ukipata mahali pa kuoka, tunabaki na mimi nitakubebea unga. Usipopata, tunahama."

"Nimehama Mosul kwenda Damasko, na Damasko kuja huku. Nimechoka kufunga mabegi, mwanangu."

"Basi tafuta jiko."

Wakakubaliana hivyo. Najiba hakumwambia Benita. Kwa malezi yake, kumweleza mtu mwenye jiko kwamba huna jiko ni sawa na kunyoosha kiganja, na hilo hakuwahi kulifanya hata mpakani.

Kumbe hakuwa na haja ya kusema. Boise ni mji mdogo na Txomin alikuwa na masikio. Jumamosi moja ya baridi kali Benita alimkuta Najiba anaosha vikombe, akamwambia kwa mkato, bila kumtazama, "Lile jiko mimi silitumii. Lichukue, uoke mikate yako."

Najiba alifurahi mpaka akashika ukingo wa sinki. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, akajibu, "Hapana, Hajati, Mungu akuzidishie. Siwezi."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna aliyekosea. Kwa Wairaki, hapana ya kwanza ni salamu. Ya pili ni kumpa mwenye kutoa nafasi ya kujirudi kama alisema kwa ulimi tu. Akisisitiza mara ya tatu, hapo ndipo unashukuru na kupokea. Anayepokea mara ya kwanza huonekana mlafi. Lakini Benita alikulia miongoni mwa watu waliouziana kondoo wa mlima mzima kwa neno moja na kupeana mkono. Kwao, kumrudia aliyesema hapana ni kumwambia hajui anachosema.

"Haya," Benita akasema, akageuka kukata vitunguu.

Najiba akangoja mara ya pili. Akaosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Akangoja Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena, na Benita akazungumzia theluji, magoti yake na bei ya nyama. Basi, Najiba akawaza, yalikuwa maneno ya mdomoni. Na Benita naye alikuwa amekwisha kuwaza lake: jiko langu lina uvundo wa nguruwe, mwalimu kaona kinyaa. Wote wawili wakawa wanachekeana kwa meno tu. Baadaye Najiba akaanza kupata udhuru, mara zamu, mara mafua. Nyumbani Sarmad akaleta maboksi matupu na kuyasimamisha ukutani, na mama yake akaanza kuyajaza, sahani kwanza.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa tatu Txomin alimkuta buchani. Hakumpa hata habari za asubuhi.

"Mama Sarmad, Benita amekukosea nini?"

"Hakunikosea."

"Basi kwa nini umemtupia jiko lake usoni?"

"Mimi?" Najiba akahamaki. "Aliniambia mara moja, mzee wangu, akanyamaza. Mtu anayetaka kutoa hunyamaza?"

Txomin akamkodolea macho. "Mara moja? Kwani alitakiwa akuambie mara ngapi? Siku moja kabla hajakwambia alipanda kwenye kiti, na magoti yake yale, akashusha mapaja yote ya nguruwe. Yalikuwa yakining'inia pale tangu enzi za mama yake. Akazisugua ndoano kwa maji ya moto, oveni akaisugua, hadi dari. Tukamwambia utavunjika kiuno, akatuambia tufunge midomo, mwenye jiko mpya hali nyama hiyo. Hukuona?"

Najiba hakuwa ameona. Siku ile alikuwa amepita akiwa amegeuza uso, kama kawaida yake.

"Sasa mpwa wake anataka pawe baa," Txomin akasema. "Leo jioni anakuja kupewa jibu. Na Benita akitoa neno, unamjua mwenyewe, halirudishi."

Najiba aliacha nyama kaunta na kutoka. Njia nzima alijisema. Aliwahi kujibizana na wanajeshi wenye bunduki, aliwahi kusafisha vyoo vya watu huko Damasko, na hakuna siku iliyomwia nzito kama hii ya kwenda kuomba kwa kinywa kilekile kilichokwisha kukataa. Hata mlangoni alifikiria kurudi.

Wazee wawili walikuwa mezani na karata. Benita alikuwa kichwani pa meza, akimenya viazi.

"Hajati," Najiba akasema, akiwa amesimama, koti bado mwilini. "Nalitaka jiko."

Benita hakuinua kichwa. "Ulisema hapana."

"Nilisema hapana ya kwanza."

"Kwani ziko ngapi?"

"Tatu. Ya kwanza ni adabu, ya pili pia ni adabu. Ulitakiwa uniulize tena."

Kisu kikasimama. Wazee wakaweka karata chini, jambo ambalo halikutokea hata siku ya mazishi ya mume wa Benita.

"Wale Wairaki waliokuja hapa baada ya msiba wa jirani," Benita akasema polepole. "Niliwauliza mtakula, wakasema hapana. Nikaondoa sufuria."

"Wakaenda makwao na njaa, wakakusema wiki nzima."

"Mungu wangu. Na wewe ukanyamaza?"

"Niliona haya kwa niaba yako."

Mzee mmoja alianza kucheka, mwingine akafuata, lakini Benita hakucheka. Alikuwa anamtazama Najiba usoni. "Nilidhani umeona kinyaa," akasema. "Niliumia sana, nikwambie kweli."

"Sikuziangalia ndoano, Hajati. Nisamehe. Ningeziangalia nisingengoja hata siku moja."

Benita akafuta mikono kwenye aproni. "Mpwa wangu atanuna, anune. Neno nililitoa kwako kwanza, na wewe ulikuwa bado unajibu. Jiko ni lako. Mwaka huu mzima usilipe kitu."

"Hapana," Najiba akasema.

Benita akawatazama wazee, akapumua, akajaribu tena kama mtoto anayejifunza hesabu. "Nakuambia mara ya pili. Usilipe."

"Hapana."

"Ya tatu basi. Bure, Najiba."

"Hapana, Hajati, na hii ndiyo ya kweli." Alisimama wima, kama alivyokuwa akisimama mbele ya ubao. "Wachungaji walilala hapa wakalipa walichoweza, ndiyo maana wajukuu zao wanatembea vifua mbele. Nami nataka Sarmad atembee hivyo. Nitalipa kodi kama mtu mwingine yeyote."

"Kodi yangu ghali," Benita akasema.

"Na mkate wangu ghali pia."

Wakapeana mkono juu ya maganda ya viazi. Jioni mpwa alipofika alikuta oveni imeshawashwa, akapewa samuni ya moto na jibu lake kwa pamoja. Alinuna, lakini aliila yote.

Mwezi wa nne ulipofika Sarmad alibeba maboksi, si ya Michigan, bali ya unga. Wairaki walianza kuja kununua mkate na kuondoka; halafu wakaja kununua mkate na kukaa. Daktari wa macho alipata kwenye meza ile mtu wa kumwelekeza njia ya kurudi kwenye kazi yake, na mtu huyo alikuwa mjukuu wa mchungaji. Binti wa hakimu aliposwa pale. Wazee wa karata walilalamika kwamba chai ya iliki inawakosesha usingizi, na wakaomba waongezewe.

Mtaa ule nyumba za kulala wageni hazikuwahi kuitwa kwa majina ya vibao. Ziliitwa kwa jina la mwanamke anayelisha watu. Mama yake Benita alipokuwa hai, simu ikilia aliipokea kwa kusema, "Kwa Leokadia." Siku alipozikwa, bintiye aliipokea akasema, "Kwa Benita," na hakuna aliyeuliza.

Asubuhi moja ya kiangazi simu ililia Najiba akiwa na unga hadi viwikoni. Benita akajiburuta kwa fimbo yake hadi ukutani, akainua mkono wa simu.

"Kwa Najiba," akasema. "Ndiyo, tumefungua. Njooni."