Mchanga Kwenye Mwani

Tabia wa Mlingotini alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mwani, na cheo kilimkaa. Zamani mwani wao ulipelekwa ng'ambo, na bei akipanga mnunuzi atakavyo. Siku hizi kipo kiwanda cha sabuni papo hapo wilayani, na wanawake waliokuwa wakichekwa kwa kushinda majini ndio wanaoezeka nyumba zao kwa bati. Kiwanda kilitoa sharti moja tu: mwani uanikwe juu ya chanja, usiguse mchanga. Tabia ndiye aliyewafundisha wenzake, tena kwa ukali.

Siku moja wageni wa kiwanda wakaja kutazama. Tabia, na mapenzi yake ya kusifiwa, akazipamba chanja zake kwa mwani kidogo ulio mzuri. Mwingi uliobaki akauanika mchangani nyuma ya nyumba, akaukung'uta harakaharaka, akaushindilia kwenye magunia. Akasifiwa, akapigwa picha pia.

Haukupita muda, kiwanda kikarudisha mzigo wa kikundi kizima. Umejaa mchanga, wakaambiwa. Ukija tena hivi, tutanunua kwingine. Magunia hayakuwa na majina. Kikao kikachafuka, na lawama zote zikamwangukia Bi Mwanvita, mtu mzima asiyeona vizuri, ambaye miaka yote kabla ya chanja alizoea kuanika chini. Ikaamuliwa mwani wake usipokewe tena.

Bi Mwanvita ndiye somo wa Tabia, aliyemfunda alipokuwa mwari. Na Tabia mdomo alikuwa nao, akaufunga. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, lakini haya ya kimyakimya inamsaidia nani?

Asubuhi yake Bi Mwanvita akabisha hodi.

"Karibu, somo. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutaka radhi. Nimewaharibia wenzangu, na wewe nimekutia aibu. Wallahi nilianika juu, ila kwa macho haya, labda ulianguka nisiuone. Nifundishe tena."

Tabia alitaka kusema. Akajiona hafai hata kusimama mbele ya yule mama. Badala yake akamshika mkono, akampeleka kwenye chanja, akaanza kumwelekeza: utandaze hivi, ugeuze hivi, ulioanguka usiurudishe.

Bi Mwanvita akainamisha uso karibu kabisa na chanja ili aone, akafuatisha kila alichoelekezwa.

"Ndiyo, mwalimu," akasema.