Ukuta wa Wodi ya Wanaume

Wenzangu wa sekondari walipomaliza shule walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Mmoja Nairobi, mwingine Kampala, mwingine akavuka maji mpaka kwa Wazungu wenyewe. Mimi nilichagua kazi kwa kupima umbali wake kutoka jikoni kwa mama. Ndiyo maana nikawa nesi. Ilikuwepo hospitali upande wa Homa Bay, na kutoka huko mtu mwenye baiskeli na njaa angeweza kufika kwetu Kosele Jumamosi kabla samaki hajapoa. Watu walidhani nina wito. Nilikuwa nao kweli, ila uliniita kutoka kwenye chungu.

Hata mke sikwenda kumtafuta. Aliletwa na bakuli. Sista wa wodi ya wanaume, mwanamke wa upande wa Migori, ndiye aliyenifundisha kuchoma sindano, na mpwa wake alikuwa akimletea chakula cha mchana. Nilikizoea chakula, nikamzoea mchukuzi, nikaoa. Sikufikiria jambo moja ambalo mtoto yeyote wa Kijaluo angelifikiria: sista alikuwa mdogo wake mama mkwe wangu, na kwetu mdogo wa mama mkwe ni mama mkwe vilevile. Kwa lugha yetu, maro. Humkaribii, humgusi, humtazami usoni, na Mungu akuepushe usimkute amelala.

Jana mwalimu wangu, leo maro wangu, na wote wawili tunahudumia wodi ile ile yenye mlango mmoja.

Nilikwenda kwa matroni, mkuu wa manesi, kuomba nihamishwe. Alikuwa Mzungu wa makamo, Kiswahili chake kimenyooka kama shuka iliyopigwa pasi.

"Hospitali haina wakwe," akasema. "Ina wagonjwa. Rudi kazini."

Basi tukajitengenezea utaratibu wetu. Tuliongea kupitia wagonjwa. Sista akiwa upande wa dirishani atamwambia mzee wa kitanda cha katikati, "Mwambie mkwe wangu kule mlangoni kuna mtu anataka chombo cha haja." Nami namjibu mzee, "Mwambie mama nimesikia." Mzee, ambaye alilazwa kwa ajili ya ngiri na hakuomba kazi ya utarishi, anageuza kichwa huku na huku mpaka shingo inamuuma kuliko ngiri.

Penye taabu palikuwa kwenye kabati la dawa kali. Pethidini, ile ya kuua maumivu na kulevya, na wenzake walifungiwa humo, na sheria ya matroni ilikuwa kwamba kabati halifunguliwi na mtu mmoja. Wawe wawili. Mmoja avunje kichupa na kuvuta dawa, wa pili atazame kwa macho yake kuanzia kabatini mpaka sindano iingie mwilini mwa mgonjwa. Lakini chumba cha kabati kilikuwa chembamba kama kaburi, na mimi ningebanana vipi humo na maro? Nikawa nasimama mlangoni, nimegeukia ukuta.

"Tayari?" nauliza ukuta.

"Tayari," anajibu mama.

Huo ndio ulikuwa ushahidi wangu. Nilijiona kijana mwenye adabu sana. Ukuta wenyewe nikaujua kuliko kiganja changu. Ulikuwa na ufa uliopinda kama ufuo wa ziwa, na mimi, ambaye sijawahi kupanda mtumbwi kwa sababu naogopa maji nisiyoyaona mwisho, nilikuwa nikisafiri nao kwa macho. Naanzia chini, Homa Bay, napanda nafuata ghuba, mpaka doa la unyevu lililokaa peke yake kama kisiwa, ambalo nililiita Takawiri. Nilifika Takawiri mara nyingi bila kulowa kidole.

Mama, yaani sista, alianza kubadilika polepole. Asubuhi alikuwa mkali, anafuta pua, anamgombeza kila mtu mpaka ndoo. Kabla ya saa sita anakuwa mtamu kama muwa, anatuombea wote baraka. Kisha analala kitini, mdomo wazi. Alivaa mikono mirefu katika joto lile la ziwani, nikamsifu kwa mke wangu kwamba mama mdogo wake ameokoka. Na kila nilipomkuta amelala nilifanya kama nilivyolelewa: nilitoka kinyumenyume, nikafunga mlango taratibu, nikafanya kazi yake na yangu. Wodi nzima ikasema sista amepata mkwe.

Halafu akaletwa mchimba dhahabu kutoka Masara. Shimo lilimbomokea, mguu ukasagika kutoka goti kwenda chini. Alikuwa Mkuria, Kidholuo hakijui, kwa hiyo alitutukana kwa Kiswahili, lugha ya sote. Siku ya kwanza matroni mwenyewe alimchoma pethidini, akalala kama jiwe. Siku zilizofuata akachomwa na sista, nami shahidi, na hakulala. Aliuma shuka. Aliuma mkono wake. Alilia mpaka yule mzee wa ngiri akaanza kulia naye.

"Sindano umepata sasa hivi," nilimwambia. "Ngoja ikolee."

"Daktari," akasema. Aliniita daktari ili kunikera. "Mimi kazi yangu nini?"

"Kuchimba."

"Na kuosha. Naosha mchanga, dhahabu naweka huku, maji machafu namwaga kule. Hii dawa yenu imeoshwa. Mimi mnanipa ile ya kumwaga."

"Acha maneno. Mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo! Kutoka hapa nakuona. Unaangalia ukuta. Ukuta ndio unaumwa?"

Wagonjwa wakacheka. Nikamweleza kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye subira na wageni, kwamba sista ni mama mkwe wangu, na sisi Wajaluo tuna heshima zetu.

Akanitazama. Jasho lilikuwa likimtiririka masikioni.

"Kwetu pia mkwe anaheshimiwa," akasema. "Lakini kila mtu anaheshimu kwa mguu wake. Si kwa wangu."

Mimi, ambaye hucheka nikikosa la kusema, nilikwenda kuchemsha sindano zilizokwisha kuchemshwa. Nikiwa pale mbele ya mvuke vitu vikaanza kujipanga vyenyewe, bila kunitaka ushauri: mikono mirefu, usingizi, pua, utamu wa kabla ya saa sita. Mlevi wa chang'aa ningemnusa kutoka Kosele. Huyu hakuwa na harufu. Na kama kuna mtu aliyekuwa akitafuta shahidi wa kumfaa, angezunguka Nyanza yote asipate bora kuliko mkwe aliyefundishwa na mama yake kutazama ukuta.

Adhuhuri funguo zikalia. Zamu ya mchimba dhahabu.

Nikasimama mahali pangu. Nikaanza safari: Homa Bay, ghuba. Kitandani kwake mchimba dhahabu alikuwa amenyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko kilio, kwa sababu nilijua ananitazama mimi. Nikasikia kichupa kikivunjika shingo. Takawiri sikufika. Niligeuka.

Mama alikuwa na sindano mbili. Moja ilikuwa kwenye trei, imejaa tayari, na kando yake kikombe cha maji. Ya pili ilikuwa mkononi, inavuta dawa kutoka kwenye kichupa, na mfuko wa aproni yake ulikuwa umefunguliwa kuisubiri.

"Mkwe," akasema. "Unanitazama."

"Natazama sindano, mama."

"Iko mkononi mwangu."

"Ndiyo sababu nakuona na wewe."

Ningependa kuandika kwamba nilisema hivyo kwa sauti ya kiume. Ilitoka kama ya mbuzi. Katika hofu zangu zote kubwa zaidi ilikuwa kwamba ataniuliza tena na mimi nitaomba radhi.

Hakuuliza. Alishusha macho.

"Ilianza na mgongo," akasema. "Mgongo tu."

"Mama, nipe hiyo ya mtu wa Masara."

Basi, hata hapo, na aibu yote ile, hatukusahau desturi. Hakunipa mkononi. Alimwaga yale maji, akaiweka pethidini kwenye trei, akarudi nyuma mpaka akagusa ukuta wa ndani. Ndipo nikaingia, nikaichukua, nikatoka kinyumenyume. Nikamchoma mchimba dhahabu kama mama mwenyewe alivyonifundisha: haraka kuingia, polepole kusukuma. Muda si muda mikunjo ya uso wake ikaanza kulainika.

"Hii haijaoshwa," akanong'ona, na akalala.

Niliporudi mama alikuwa amekaa chini, funguo ameziweka sakafuni mbali naye.

"Mwite matroni," akasema. Aliniambia mimi moja kwa moja, bila mzee wa kitanda cha katikati. "Nikienda mwenyewe nitapitia kabatini kwanza."

Nikaenda. Nilikimbia, na mimi si mtu wa kukimbia. Matroni hakupiga kelele. Alichukua funguo, akafunga mlango, akakaa na mama humo ndani mpaka chai ya jioni ikapita. Kesho yake mama akapelekwa kutibiwa mbali.

Mke wangu alinisikiliza huku akichambua mboga.

"Kwa hiyo ulimtazama mama mdogo usoni?"

"Mikononi."

"Afadhali," akasema. Kisha akaiinamia sufuria, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko mboga zilivyohitaji.

Mchimba dhahabu alitoka na fimbo na mguu wake, umepinda lakini wake. Mama alirudi baada ya mvua za masika, amekonda, amevaa mikono mifupi, makovu wazi. Sharti la matroni lilikuwa kwamba funguo asizishike. Funguo nikapewa mimi, na shahidi wangu akawa nesi mwingine, mtu asiye na ukoo wowote na mimi, namshukuru Mungu.

Siku ya kwanza nilipofungua kabati mama akiwa karibu, nilimwona akisita. Akaenda mlangoni, pale pale pangu, akageukia ukuta. Nilijua heshima ya mkwe haikuwamo katika kugeuka huko; alikuwa akikikimbia kichupa.

Mzee wa ngiri alikuwa ametoka zamani. Hapakuwa na wa kumtuma. Ikabidi niseme mwenyewe.

"Mama, hapo mbele yako kuna ufa. Anzia chini, hiyo ni Homa Bay. Panda nao taratibu. Kabla hujafika lile doa, nitakuwa nimeshafunga."

Nikavunja kichupa, nikavuta, nesi mwenzangu akitazama.

"Doa hili ni nini?" akauliza ukuta.

"Takawiri, mama."

"Ulishafika wewe?"

"Mara nyingi," nikasema, na nikageuza ufunguo.