Mwaka Niliotembea Peke Yangu Kutoka Kisenge

Nilikuwa Kisenge, kwa dada yangu mkubwa, siku tulipopata habari kwamba nyumba yetu ya Kolwezi haikuwa yetu tena. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia baada ya kujifungua. Mume wake, Mlunda wa upande wa Sandoa, alifanya kazi kwenye mgodi wa manganizi, ingawa kazi yenyewe ilikuwa karibu kwisha. Wanaume wa Kisenge walikuwa wakiamka asubuhi, wanavaa buti, wanakwenda kukaa mbele ya ofisi zilizofungwa, kisha wanarudi kula sombe, majani ya muhogo.

Habari ilikuja na jirani yetu wa Kapata, mtaa wetu wa Kolwezi, mama aliyekuwa akiuza samaki wa chumvi kwenye vituo vyote vya reli. Alishuka kwenye treni, akaingia uani kwa dada, akakataa kiti.

“Mama yenu amenituma,” akasema, akiniangalia mimi. “Usirudie Kolwezi. Beko ku gare na bitu yabo, banangojea treni ya Kasai. Mu nyumba muko batu bengine sasa.”

Mwaka ule, katika miji ya madini, watu wenye asili ya Kasai walikuwa wakiambiwa warudi kwao. Ilianza kwenye mikutano ya wanasiasa, ikaingia sokoni, ikafika milangoni. Babu yangu ndiye aliyetolewa Kasai, akiwa kijana, kuja kuchimba shaba. Baba alizaliwa Kolwezi, akawa karani wa ghala la kampuni. Mimi na dada tulizaliwa Kapata, katika moja ya zile nyumba zilizopangwa mistari, zote za sura moja. Kasai baba aliiona mara moja tu, alipokwenda kwenye kilio cha mjomba wake, na aliporudi alilalamika juu ya mbu.

Kampuni nayo ilikuwa imeanguka. Mishahara haikuja, dawa hazikuwepo hospitalini. Nadhani watu walitaka awepo mtu wa kumfukuza, na sisi tulikuwa karibu.

Shemeji aliniambia nibaki. “Hapa ni kwangu, hakuna mutu atakugusa.” Alisema kweli. Hakuna aliyenigusa. Ila bombani wanawake walianza kunyamaza nilipofika na ndoo, na dada alianza kwenda kuteka maji yeye mwenyewe, mtoto mgongoni, ili nisiende mimi. Hilo sikuweza kulivumilia. Nikasema nitawafuata wazazi. Kupitia Kolwezi haikuwezekana, kwa hiyo nitapanda kaskazini: Sandoa, Kapanga, hadi Kasai kwa njia ya vijijini.

“Peke yako?” dada akauliza.

“Na nani mwingine?”

Shemeji alinipa begi lake la mgongoni, la turubai nene. Nikatia vitenge viwili, sufuria ndogo, sabuni, chumvi, kitana cha mti na mikunjo ya uzi mweusi wa kusukia nywele. Uzi niliuchukua kwa sababu ulikuwa wangu tu. Sikuwa na mpango nao. Asubuhi ya kuondoka, shemeji alinisindikiza hadi kwenye lori la mihogo. “Usidanganye kuhusu kwenu,” akasema. “Lakini usitangulie kusema, mbele hawajakuuliza.”

Lori liliharibika kabla ya kufika popote. Dereva akatandika mkeka chini ya injini, akaniambia labda kesho, labda wiki ijayo. Nikavaa begi nikaanza kutembea. Jioni ya kwanza visigino vyangu vilikuwa vimechubuka, na mikanda ya begi ilikuwa imenikata mabega. Katika kijiji nilichofikia nikaomba maji. Mama mmoja alikuwa ameketi mlangoni akihangaika na nywele za binti yake, mtoto analia, kitana kimevunjika meno. Nikatoa changu. Nilimsuka yule mtoto, kisha mama yake, na kesho yake nikawasuka wanawake wa nyumba za jirani. Nilipoondoka nilikuwa na unga, karanga, na jina la mtu wa kumfikia kijiji kinachofuata.

Ndivyo nilivyosafiri mwaka ule wote. Kusuka ni kazi nzuri kwa mgeni. Mwanamke anaketi chini, kichwa chake kiko kati ya magoti yako, haoni uso wako. Anaongea. Atakueleza mume wake, shamba lake, mtoto aliyemzika, na mara nyingi atasahau kukuuliza wewe ni nani.

Sandoa nilifikia kwa shangazi wa shemeji, bibi mwembamba aliyevuta kiko na kulima kuliko vijana. Mvua zilikuwa zimekata barabara, nikakaa kwake msimu mzima. Tulipanda karanga pamoja. Hakuniuliza chochote juu ya Kasai. Aliniuliza tu kama najua kulima, nikasema hapana, akanipa jembe.

Siku za soko nilisuka chini ya kibaraza cha duka lililofungwa. Siku moja akaja mama mnene, mchuuzi wa vitambaa, mwenye sauti ya kusikika soko zima. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa chake alipoanza kuongea juu ya Kolwezi, kwamba sasa kazi zitapatikana. “Batu ya Kasai baende kwabo,” akasema. “Balikula ya kutosha. Na weye, binti, unatoka wapi?”

“Kolwezi.”

“Kolwezi ni fasi ya kazi. Bankambo yako balitoka wapi?”

Vidole vyangu viliendelea vyenyewe kuzungusha uzi. Nikasema, “Babu alitoka Kasai.”

Akavuta kichwa chake kutoka mikononi mwangu. Kisha akasimama, akajikung’uta, akaondoka. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa na misuko iliyosimama vizuri, upande wa pili nywele zilikuwa zimetimka kama zilivyoamka. Akapita katikati ya soko hivyo hivyo, akakaa kwenye meza yake ya vitambaa. Nilimwona akiuza, wateja wakijiuma midomo. Hakuna aliyethubutu kucheka kwa sauti.

Nilikusanya vitu vyangu, nikiwaza kwamba lazima niondoke Sandoa siku hiyo hiyo. Lakini mtu aliyekuwa na zamu baada yake alikuwa amekwisha kukaa chini, akisubiri, nikamsuka. Saa za mchana wa joto, soko likianza kupungua, yule mama akarudi. Hakusalimia. Alijishusha polepole mbele yangu, akanipa kisogo.

“Maliza.”

Nikamaliza. Aliposimama, alijigusa kichwa kwa viganja vyote viwili, akauliza, akiangalia pembeni, kama ni kweli nakwenda kaskazini. Nikasema ndiyo.

“Usipite ku kivuko, bwato imepasuka, maji inabeba batu. Panda juu, kuko kilalo.” Akanieleza njia ya kwenda kwenye daraja hilo, akinitajia kila njia panda. Kisha akaenda zake. Sikujua kama alinihurumia au alichoshwa tu na nywele zake. Nilipita kwenye daraja, nalo lilikuwepo pale alipolisema.

Kutoka hapo hadi mpaka wa Kasai nilitembea kwa miguu karibu njia yote. Siku nyingine nilikuwa na wanawake waliobeba mihogo mikavu, siku nyingine sikuwa na mtu. Na ni lazima niseme kwamba nilikuwa na furaha. Wazazi wangu walikuwa wamefukuzwa, mimi mwenyewe nilifukuzwa, na bado asubuhi, nyasi zikiwa na umande na begi likiwa limezoea mgongo wangu, nilijisikia mwepesi. Maisha yangu yote nilikuwa binti wa karani, wa mstari fulani wa nyumba, wa Kapata. Njiani nilikuwa mtu anayekuja na mtu anayekwenda. Nilijifunza kulala kwenye jiko la misheni, kuvuka mto nimekaa chini kabisa ya mtumbwi bila kushika kingo, kujua kwa harufu kama kijiji kinapika bukari, ule ugali wetu, ya mahindi au ya mihogo.

Kasai yenyewe ilinipokea kwa kicheko. Kiluba changu cha Kasai kilikuwa cha jikoni: nilijua kusalimia, kutuma mtoto chumvi, na kugombeza. Nilipofungua mdomo sokoni wakaniita mtu wa Katanga. Kwa hiyo huku nilikuwa wa kule, na kule nilikuwa wa huku. Mama mmoja niliyemsuka aliniambia watu wa treni wengi wako Mwene-Ditu, nikageuka kuelekea mashariki.

Mwene-Ditu walijaa kando ya reli na kuzunguka makanisa, chini ya maturubai na mabati. Nilikuwa na hofu kwamba sitamwona mtu katika umati ule. Lakini watu wa Kapata walikuwa wamejenga vibanda vyao kwa mistari ileile ya nyumbani. Jirani wa kushoto alikuwa bado jirani wa kushoto. Nilipita nikihesabu milango kama mtoto anayerudi kutoka shuleni, na pale nyumba yetu ingekuwa, mama alikuwa ameinama akichochea moto.

Alipiga ukelele, akanishika uso, akanigeuza kuangalia mgongo wangu kana kwamba nimeficha kitu. Nilitafuta kwa macho kiti cha baba.

“Keti kwanza,” akasema.

“Tata eko wapi?”

“Tulimuacha mu njia.” Alisema akiwa ameshika vidole vyangu. Treni ilikuwa imesimama siku nyingi porini, bila maji. Baba alikuwa na homa tangu kituoni Kolwezi. Wanaume walimzika karibu na tanki la maji lililokuwa tupu, na injini ikapiga filimbi kabla hawajamaliza, wakakimbilia mabehewa. Jina la mahali pale mama hakulijua. “Fasi ilikuwa na tanki,” alirudia. “Na muti moja umepigwa na radi.”

Nilikaa naye mpaka mvua zilipopungua. Kila jioni alitaja lile tanki. Mwishowe nikachukua begi tena, nikafuata reli kusini pamoja na wachuuzi, nikiuliza kwenye kila kituo kidogo. Matanki yalikuwa mengi. Mti wa radi ulikuwa mmoja. Chini yake mke wa mlinzi wa reli alikuwa akipalilia karanga. Nikamweleza nimekuja kwa ajili gani. Akaweka jembe begani, akanipeleka nyuma ya tanki. Kulikuwa na vilima vidogo vingi, nyasi zimeanza kuvifunika. Hapakuwa na msalaba wenye jina.

“Kila treni iliacha batu,” akasema, akionyesha vilima kimoja kimoja. “Yako njo gani?”

“Sijue, mama.”

Akafikiri. “Basi salimia bote.”

Nikapita kilima hadi kilima, nikiwasalimia wote kwa sauti, kama mtu anavyosalimia akiingia ua wenye wageni. Nilitaka kulia nikashindwa. Nililia baadaye, ndani ya nyumba ya yule mama, alipoweka sahani mbele yangu. Nilikaa kwake siku chache tukang’oa nyasi. Aliniambia mume wake na yeye walikuwa wakiwabebea watu wa treni maji kutoka mtoni, ndoo kwa ndoo, na hayakutosha.

Niliporudi Mwene-Ditu, mama alinikuta njiani.

“Ulimuona?”

“Niliona fasi.”

“Maji ya mvua inaingiamo?”

“Hapana. Ni mwinuko.”

Alitikisa kichwa kukubali, akanivua begi mgongoni, akalibeba yeye hadi kibandani. Ulikuwa umepita mwaka tangu nitoke Kisenge.

Tulikaa Mwene-Ditu miaka mingi. Nilifungua sehemu ya kusukia nywele kando ya soko, nikaolewa, Kiluba changu kikapona. Mambo yalipopoa, dada alituma ujumbe kwamba amehamia Kolwezi, anataka mama amwone mjukuu aliyezaliwa siku zile, kabla hajapoteza sura ya mtoto. Mama alikataa treni mara kadhaa, kisha akakubali. Tulikaa upande wa dirisha. Treni haikusimama kwenye kile kituo. Ilipunguza tu mwendo. Nikamwonyesha tanki kwa kidole. Mama akasimama, akashika chuma cha dirisha, akabaki amesimama hivyo, abiria wakimpita, mpaka kituo kilichofuata.