Pembea Aliyoikagua Bibi Mwanasha

Bibi yangu mzaa mama, Mwanasha binti Chande, alipenda vitu viwili tu duniani: mimi na pembea. Vilivyobaki vyote alivishuku. Alimshuku muuza samaki kabla hajafungua mdomo. Mwezi wa Idi ukiandama, alitaka atajiwe majina ya waliouona, na akishatajiwa aliuliza macho yao yana hali gani. Kijiji chetu kizima cha Mwabungo kilimjua hivyo, na kilimchukua hivyo hivyo.

Kazi yake ilikuwa kusokota kamba. Wanawake wa kwetu walifukia makumbi ya nazi katika mashimo ufukweni, pale maji ya bahari yanapofika, kila mmoja na shimo lake na mawe yake juu. Makumbi yakaa mchangani miezi sita, au zaidi, mpaka yaoze vizuri. Ndipo hufukuliwa, yakapigwa kwa rungu, nyuzi zikatoka, zikaanikwa na kusokotwa juu ya paja. Bibi alikuwa mtu wa shoto, kwa hiyo kamba yake ilijipinda upande usiopindwa na kamba ya mtu mwingine yeyote. Ungeikuta Ukunda imefunga mzigo, ungejua ni yake. Kwa miaka thelathini hakuna aliyewahi kumrudishia kamba iliyokatika, na jambo hilo alikuwa akilitaja hata pale ambapo hakuulizwa.

Wanawake wa umri wake siku ya Idi walikaa nyumbani wakipokea mikono ya wageni. Yeye alijitanda buibui akaenda kupanda pembea. Watu walicheka mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wakachoka. Alivuka feri ya Likoni akaenda Makadara, Mombasa, kwa ajili ya farasi wa mbao wanaozunguka. Alikwenda Ramisi wakati wa Diwali, alikosikia kwamba kuna pembea ndefu kuliko mnazi. Alipanda bembea za kamba Gazi na Msambweni, na alirudi kutoka kila mahali na maneno ya kusema.

"Ya Ramisi ina kimo, lakini haina moyo," alisema. "Yapanda polepole, yashuka polepole. Mtu ashuka na tumbo lake lile lile alilopanda nalo. Kuna faida gani?"

Mshindani wake alikuwa mzee Chirau, mgema wa minazi, aliyewapenda farasi wa Makadara kupita kiasi. Kwa kuwa yeye alikuwa juu ya mnazi kila siku ya Mungu, kimo hakikumtia hamu.

"Bi Mwanasha, farasi akuzungusha mpaka wausahau mji," Chirau alisema. "Hiyo ndiyo starehe."

"Hicho ni kizunguzungu, nacho hata homa yakileta. Pembea ya haki ni ile mwili washuka, tumbo labaki juu likikungojea."

Waliweza kubishana hivyo kuanzia alasiri mpaka magharibi, wala sikumbuki hata siku moja ambapo mmoja alimkubalia mwenzake.

Lakini Bibi hakupanda chombo chochote kabla hajakikagua. Alizunguka, aligonga nguzo kwa vidole, aliinama akatazama misumari, alimwuliza mwenye pembea mbao ni za mti gani na alizipata wapi. Mwenye pembea akijibu haraka, Bibi alimshuku kwa kuwa ameyaweka majibu tayari. Akijibu polepole, alimshuku kwa kuwa ayatunga. Akiridhika, alipanda, na hapo ndipo watoto wa Mwabungo waliporuhusiwa na mama zao. Ukweli ni kwamba mama wengi hawakuitazama pembea kabisa, walimtazama Bibi tu.

Watoto wote waliruhusiwa isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa yatima, mama yangu alikufa nikiwa sijaota meno, na Bibi alikuwa ameapa kwamba sitapanda mpaka ipatikane pembea anayoiamini kwa moyo wake wote. Kwa tabia yake, hiyo ilikuwa sawa na kuniambia sitapanda maisha. Nililia Idi tatu mfululizo.

Mwaka 1954, siku mbili kabla ya Idi ya kuchinja, alifika mtu wa Mombasa anayeitwa Waziri, na pembea yake imefunguliwa vipande vipande juu ya gari la mizigo. Alipoisimamisha uwanjani tuliona nguzo mbili nene, na kati yake mti wa kuzunguka wenye mikono minne. Kwenye ncha ya kila mkono lilining'inia sanduku la kukalia. Vijana wawili walisukuma kwa chini, na masanduku yakapanda hadi juu ya paa la msikiti.

Bibi hakulala vizuri. "Mwenye akili hatoki Makadara wakati wa Idi akaja Mwabungo," aliniambia. "Huko kuna watu elfu. Hapa kuna sisi. Afuata nini?" Asubuhi alikuwa amelipata jibu, akalisema kisimani mbele ya wanawake wote: watu kama hawa huwa na jini lao, na kila mwaka hulitolea kafara ya mtoto mmoja ili pembea isikose watu. Alisema alilisikia Mombasa. Sijui alilisikia kwa nani. Kufika adhuhuri, kijiji kizima kilikuwa kinalijua.

Siku ya Idi, baada ya swala, alikwenda kuikagua, nami nyuma yake na kanzu mpya.

"Shikamoo, mama," Waziri alisema. Alikuwa kijana mpole, mwembamba, kofia yake safi.

"Marahaba. Mbona umetoka Makadara?"

"Makadara mwaka huu tumekuwa wengi, mama. Wakubwa wametunyima nafasi."

Bibi alinitazama kwa jicho la kuniambia, wamsikia? Kisha akaanza kazi. Mbao zilikuwa za mvule, hazina ufa. Misumari ilikuwa mipya. Mti wa kuzunguka ulikuwa umepakwa mafuta ya papa, na harufu yake ilitufikia kabla hatujaukaribia. Kila kitu kilikuwa kizima, na kila alipokuta kitu kizima uso wake ulizidi kukunjamana. Aliinamia hata viatu vya wale vijana wa kusukuma.

Mwisho alifika kwenye masanduku. Yalikuwa yamefungwa kwa kamba mpya ya kumbi, na kamba ile ilijipinda upande wa shoto.

Bibi alisimama. Kwanza alishangaa, halafu uso wote ukamlainika. Waziri alikuwa amenunua kamba dukani Ukunda alipokuwa njiani, na duka hilo lilikuwa na kamba za Bibi. Bibi hakuivuta wala hakuikunjua aitazame ndani. Aliipapasa tu mara moja, akaiacha.

"Mapenzi," aliniita kwa jina langu, "panda."

Sikuamini. Nilidhani nimesikia vibaya. Watu waliokusanyika walipiga vigelegele, na mzee Chirau akasema leo dunia imekwisha.

"Bibi, hupandi nami?"

"Mimi nakaa hapa chini. Pembea nimeiamini, mwenyewe bado. Nataka nimtazame mikono."

Basi nilipanda peke yangu. Mzunguko wa kwanza nilifumba macho. Wa pili niliyafumbua nikaiona bahari, na mapaa yetu yote, na kweli tumbo lilibaki juu likinisubiri kama Bibi alivyosema. Nilicheka kwa sauti. Nilipotazama chini nilimwona Bibi hanitazami mimi, amemkazia macho Waziri. Mzunguko wa tatu, nikiwa nashuka, kamba ilikatika. Sanduku liliinama upande mmoja, nikamwagika. Nilianguka kutoka kimo cha mlango, si zaidi, lakini niliangukia mkono, nikausikia ukivunjika.

Nakumbuka vumbi, na makelele. Wanaume walimkamata Waziri kabla hata mimi sijainuliwa. Kofia yake ilikanyagwa. "Kafara!" mtu alipiga kelele. "Alikuja kuchukua mtoto!" Mwingine alikuwa tayari ana kinga cha moto kutoka kwenye jiko la muuza mandazi, anauliza waanze na pembea au waanze na mwenyewe. Waziri hakupigana. Alikuwa akirudia neno moja tu, "Sijui, sijui," na damu yamtoka puani.

Bibi alinipakata, analia na kutukana kwa pumzi moja. Kisha aliinyakua ile kamba iliyokatika ili awaonyeshe watu ubaya wa yule kijana. Alinyoosha mkono juu. Halafu akaushusha taratibu, akaileta kamba karibu na macho. Aliusugua mkato wake kwa kidole, na nyuzi zikavunjika vipande vipande, zimeshikana na maganda yasiyooza.

Angeweza kunyamaza. Nimelifikiria jambo hili maisha yangu yote: hakuna mtu mwingine pale aliyekuwa ameitazama ile kamba.

"Mwacheni," alisema. Hawakumsikia. Akasimama, akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Mwacheni! Kamba ni yangu mimi! Makumbi yake niliyafukua mwezi wa tatu tangu niyafukie, hayajaiva. Niliyapiga mpaka yakalainika juu, ndani mabichi. Niliiuza ya kufungia mbuzi, na leo nimeona mkono wangu, nikasahau kwamba ndiyo ile."

Nilidhani mambo yamekwisha. Ndipo mzee Chirau, mtu aliyempenda Bibi kwa dhati, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Bi Mwanasha, msokota kamba wa miaka thelathini, afukue makumbi mabichi? Haiwezekani. Jamani, huyu amelishwa kitu. Mtazameni macho yake."

"Amemchezea mama wa watu!" wakaitikia, na moto ukasogea. Bibi aliapa kwa Mungu. Wakasema ndivyo wanavyoapa waliolishwa. Kila alilolisema liligeuka ushahidi dhidi ya Waziri, na Bibi aliwatazama watu wa kijiji chake mmoja mmoja, mdomo wazi, kwa sababu waliyashuku maneno yake kwa ufundi ule ule aliowafundisha yeye.

Aliyemwokoa Waziri alikuwa Bi Kache, jirani yetu, ambaye shimo lake la makumbi lilipakana na la Bibi. Walikuwa hawasemezani tangu kaskazi. Alipita katikati ya wanaume, akamnyang'anya kinga yule mwenye kinga, akakifukia mchangani kwa mguu.

"Asema kweli," Kache alisema. "Nilimwona akiyafukua. Ilikuwa alfajiri, maji yametoka. Alikuwa akiangalia nyuma kila mara kama mwizi, na shimo ni lake mwenyewe."

Kache hakuwa na sababu hata moja ya kumpendelea Bibi, na kila mtu alilijua hilo. Mikono ikamwachilia Waziri kidogo kidogo. Alikaa chini pale pale akaanza kutafuta kofia yake.

Bi Kache alipiga magoti karibu yangu, akachana leso yake, akaanza kuufunga mkono wangu. Bibi alimshikia kijiti.

"Niliyafukua kwa sababu yako," Bibi alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Niliona mawe yamesogea. Nikasema Kache aniibia."

"Mawe yalisogezwa na maji makuu ya bamvua. Na yangu pia yalisogea."

"Na uliniona. Wajua wewe kamba mbichi huwaje. Mbona hukuniambia hayajaiva?"

Bi Kache alikaza fundo, nami nikalia. Alingoja nimalize.

"Ningekwambia hayajaiva, Mwanasha, ungesemaje?"

Bibi alinitazama, akautazama mkono wangu.

"Ningesema wayataka mwenyewe," alijibu.