Pole Haina Kesi

Kwetu Mbotela, mtaa wa Nairobi, pole ilikuwa ya bure na ilitolewa kwa wingi. Ukipita na ndoo ya maji kutoka mferejini, unapewa pole. Ukirudi jioni kutoka Industrial Area, pole na kazi. Ukijikwaa kwenye kizingiti cha mlango wako mwenyewe, kwa uzembe wako mwenyewe, jirani anayekatakata sukuma wiki ng'ambo ya pili anakutupia pole bila kuinua kichwa, nawe unaitikia asante na mambo yanaendelea. Mama yangu, Mkamba wa Machakos, na huyo jirani yetu aliyetoka Murang'a waligombania kamba ya kuanika nguo miaka yote niliyoishi pale. Lakini hata walipokuwa wamenuniana, mmoja akiungua kidole jikoni, mwenzake alimwambia pole kupitia ukutani. Ugomvi wa kamba ulikuwa kitu kimoja, na pole kitu kingine.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini masista wa parokia yetu walinipatia nafasi ya kusomea uuguzi Uhispania. Mtaa ulisisimka. Watu wa London tulikuwa tunawasikia, hata binti mmoja wa mtaa wa Donholm alikuwa ameenda India, lakini Uhispania hakuna aliyejua iko upande gani. Jirani alipouliza huko wanaongea nini, mama alimjibu kwa kujiamini kwamba ni Kizungu kingine. Baba, ambaye aliendesha lori maisha yake yote, aliniombea sala ndefu mpaka chai ikapoa. Kaka yangu aliyekuwa fundi wa magari alinibebea sanduku akaniambia, "Ukifika majuu, usijifanye umesahau mathe."

Sikuwa na hofu. Nasema hivyo si kwa kujisifu, ndivyo nilivyoumbwa. Wiki ya kwanza darasani niligundua kwamba meza kwa Kihispania ni mesa na bendera ni bandera, nikaamua kuwa lugha yenye meza na bendera haiwezi kunishinda. Wenzangu waliotoka nchi nyingine walikuwa wanalia vyooni kwa sababu ya vitenzi. Mimi nilikuwa naongea tu, nikikosea kwa sauti kubwa, na watu wakinielewa.

Jambo moja tu lilinisumbua: sikupata pole. Nilimwuliza mwalimu mtu akijikwaa anaambiwa nini. Akashangaa, akasema haambiwi kitu, anaulizwa kama ameumia. Nikamwuliza je, akiwa amechoka? Akiwa amenyeshewa? Akasema mtu aliyenyeshewa anajijua mwenyewe kuwa amenyeshewa. Nikaona huyu hanisaidii. Nikajichagulia neno mwenyewe. Nilikuwa nimewasikia watu wakigongana barabarani wakisema perdón, nikalipenda. Lilikuwa fupi, na lingeweza kusemwa huku mtu anapita haraka na beseni mkononi. Kwamba maana yake hasa ni nisamehe nilijua, lakini sikuona shida. Niliona nimelipatia neno lao kazi ya ziada, basi.

Walipotupeleka wodini, katika hospitali moja kubwa iliyoendeshwa na masista, nilianza kugawa perdón kama nilivyogawiwa pole Mbotela. Mgonjwa akikohoa, perdón. Akichomwa sindano na mtu mwingine kabisa, perdón. Mpishi akiingia amebeba sufuria nzito ya supu, perdón. Nilikuwa nimepangiwa wodi ya akina mama wazee waliolazwa kwa muda mrefu, na wao niliwaita abuela, yaani nyanya, wote bila kubagua. Walinitazama kwa namna fulani ambayo mimi niliidhania ni mapenzi.

Asubuhi moja nilikuwa mwisho wa wodi nikikunja mashuka. Nikasikia kishindo. Ajuza wa kitanda cha dirishani, mjane wa mwoka mikate, alikuwa ameanguka sakafuni na mkono wake umepinda vibaya. Nilitupa mashuka nikakimbia, nikapiga magoti, nikakiweka kichwa chake mapajani mwangu. "Perdón, abuela," nikawa namwambia. "Perdón, perdón, perdón." Nililia pia, maana alikuwa anaumia na nilimpenda.

Kufikia saa ya chakula cha mchana, hospitali nzima ilijua kuwa Mwafrika amemwangusha mgonjwa na amekiri mwenyewe.

Waswahili husema mdomo uliponza kichwa, na mimi wangu ulikuwa umeniponza kwa lugha ya watu. Kitanda kile nilikuwa nimekitandika mimi asubuhi hiyo. Kulikuwa na chuma cha ubavuni ambacho kinapaswa kuinuliwa ili wazee wasianguke, na kila mtu sasa aliamini nilikiacha chini. Sista mkuu wa chuo aliniita ofisini. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye haki lakini mkavu, na aliniambia waziwazi kwamba ikithibitika ni uzembe wangu, nitarudishwa kwetu kabla ya mwezi kwisha. Nikajiona nashuka basi Jogoo Road, kule kwetu, na sanduku lile lile, bila cheti, mama akinisubiri mlangoni asijue aseme nini.

Akaniuliza mbona niliomba msamaha. Nikamjibu ni kwa sababu nyanya alianguka. Akauliza kama nilimwangusha. Nikasema hapana. Sasa msamaha wa nini? Wa kuanguka. Kuanguka kwa nani? Kwake. Tuliendelea hivyo, mimi nikizidi kupandwa na hasira na yeye akizidi kuamini kuwa nabadilisha maneno. Nikajaribu kumweleza kuhusu pole, lakini pole haielezeki kwa mtu ambaye hajawahi kupewa. Mwishowe alisema mtu asiye na kosa haombi msamaha, akasimama. Nikamwambia basi tumwulize aliyeanguka. Sikuomba; nilisema. Naona ndiyo maana alikubali.

Nyanya alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa plasta, na hasira zake hazikuwa chini ya zangu. Sista mkuu alimwuliza kwa upole kama chuma kilikuwa chini. Nyanya akasema chuma kilikuwa juu, na yeye si mtoto. Aliteremkia upande wa miguuni ili afuate ndara yake iliyoingia chini ya kitanda. Sista mkuu akauliza kwa nini basi msichana huyu aliomba msamaha.

"Huyu?" Nyanya alininyooshea mkono mzima. "Huyu aliniomba msamaha nilipokohoa. Aliniomba msamaha mvua ilipomnyeshea binti yangu. Nilipomwambia mume wangu alikufa, aliniomba msamaha, na mume wangu alikufa huyu hajazaliwa. Mtamfunga kwa hilo pia?"

Wodi nzima ilicheka. Hata wa vitanda vya mbali, ambako nilidhani hawasikii, walicheka, na mmoja akaongeza kuwa yeye pia nilimwomba msamaha kwa sababu ya chumvi ya supu. Sista mkuu hakucheka. Lakini alinitazama upya.

Ofisini aliniambia jambo limekwisha na nitaendelea na masomo. Kisha akanikataza perdón. Akasema nisilitumie tena isipokuwa nimetenda kosa, maana siku nyingine huenda mgonjwa asiwe na ulimi kama wa yule. Mtu mwenye busara angeshukuru akatoka. Mimi damu ilikuwa bado inachemka.

"Kwetu," nikamwambia, "mtu akianguka mbele yako ukanyamaza, wewe ndiye watu watasema umemsukuma."

Nilidhani nimejirudisha Nairobi kwa mdomo wangu mwenyewe, mara ya pili siku hiyo hiyo. Halafu akaniuliza neno lenyewe, la kwetu, ni lipi. Nikamwambia. Akalijaribu mdomoni, likatoka vizuri, kwa kuwa Kihispania na Kiswahili husoma irabu kwa namna moja.

"Basi sema hilo," akasema. "Hilo hapa halina kesi."

Kwa hiyo nikarudi kwenye neno langu. Wazee waliuliza maana yake nikawaambia ni neno la kumpa mtu anayebeba kitu kizito. Sikuwaeleza zaidi. Walilipokea tu kama dawa nyingine ya hospitali, nami nikaligawa kitanda hadi kitanda, kwa miezi, bila kufikiria kuwa mimi mwenyewe sijapewa na mtu tangu niondoke kwetu.

Nililijua hilo siku niliyojigonga ugoko kwenye chuma cha kitanda, nikiwa na beseni la maji. Uchungu ulinipanda hadi machoni nikang'ata meno, kwa sababu wauguzi hawalii mbele ya wagonjwa. Kutoka kitanda cha dirishani, bila kuinua kichwa kwenye ufumaji wake, nyanya akasema, "Pole."

Nikaweka beseni chini. Nililia pale pale, mbele ya wodi nzima, na hakuna aliyeniuliza kama nimeumia.